Debe Ulilolifukia Nyuma ya Bafu

Mwanangu Odilia,

Umechimba, umelitoa debe, umelifungua, na mchele hukuukuta. Umekuta karatasi hizi. Nakuomba usipige ukelele. Mtoto amelala, na Bi Mwanahawa jirani yetu tunatenganishwa naye na ukuta wa makuti tu, atasikia kila neno. Chuchumaa hapohapo ulipo usome. Salamu tutapeana uso kwa uso, kama bado utataka kuniangalia.

Usimtafute mwizi. Ni mie niliyelifukua, leo mchana, ulipokwenda stesheni kugongewa muhuri hati yako ya safari. Mchele uko wapi nitakwambia, ila si sasa. Nakujua wewe. Ukishajua ulipo utaukimbilia, na barua yangu itaishia chooni. Vumilia kidogo. Nami naandika mbiombio, maana umetoka kwenda Kariakoo kumuaga rafiki yako, na kabla hujarudi inabidi nilirudishe debe hili shimoni, niusawazishe mchanga, nijifanye mtu asiyejua kitu. Mwandiko ukienda upogo, sababu ni hiyo.

Mama wengine, mwana akisafiri, humwandikia mambo mengi ya njiani na ya ukweni. Mie hayo nayaruka. Kumwamkia baba mkwe unajua, kufunga mzigo unajua, na humo kwenye treni, toka Pugu mpaka Kilosa, hutakosa wanawake wa kukuelekeza usichokijua. Nina neno moja tu, na limenikaa kooni tangu juzi.

Juzi nilikuwa namwogesha mwanao Kosmasi. Nikambonyeza mguu kwa kidole, kidole kikaacha shimo, na lile shimo likabaki vilevile. Nikakuita. Ukaja, ukatazama, ukasema, "Amenenepa, mama."

Amenenepa! Odilia, mtoto wa miaka miwili nywele zimekuwa nyekundu na laini kama ndevu za mahindi, hachezi, halii, unamweka pale anakaa palepale mpaka umwondoe, halafu unaniambia amenenepa. Nikajizuia. Nikakuuliza kwa upole, upole ambao sina, "Anakula nini?"

"Muhogo. Si unamwona anakula?"

"Na mchele? Na zile kunde?"

"Mchele ule wa kwenda nao Mahenge kwa wakwe, mama. Nitaingiaje kwa watu mikono mitupu? Na huko kwenyewe sijui kukoje. Pengine kubaya kuliko huku."

"Mpikie hata kibaba."

"Ukishafungua umefungua. Si wewe mwenyewe uliyenifundisha?"

Ukachukua ndoo ukaenda zako kisimani. Nikabaki na mguu wa mtoto mkononi, maana ulisema kweli. Mie ndiye niliyekufundisha. Kuanika mchele mpaka ukiuma punje inavunjika kwa mlio. Kuuchanganya na jivu lililochekechwa na majani makavu ya mwarobaini, fukusi wasiusogelee. Kuyeyusha nta ya watu wa Pugu na kuizungushia kwenye mdomo wa chombo, halafu kuikandika kwa udongo wa kichuguu. Yote hayo umeyatoa kwangu. Ingawa, nikwambie ukweli hata leo, umefukia vibaya. Umechagua upande wa chini wa uwanja, masika yangekuingilia. Tena ule mchanga mweupe wa chini umeuacha juu ya mchanga wa kijivu, kwa hiyo mtu yeyote aliyekwenda kuoga alipaona. Mie nilipaona siku ileile uliyofukia. Ni zaidi ya mwezi sasa, na mwezi wote huo nimenyamaza.

Sasa nisikilize. Kuna nusu ya mambo haya sikukufundisha, kwa sababu mie mwenyewe nilipofundishwa sikuishika.

Bibi yako, mama yangu mie, hukumwona. Kwetu kusini, nilipokuwa mdogo wa kushikilia nguo ya mama, watu waliinuka kupigana na Mdachi, wakashindwa, na askari wake wakapita kijiji hata kijiji wakichoma maghala. Hawakutaka kuacha hata punje. Wenye akili walifukia. Lakini na askari nao walikuwa na akili: waliingia uwanjani na mitungi ya maji, wakamwaga chini, wakatazama maji yanazama upesi wapi. Pale yalipozama upesi, hapo ardhi imechimbwa karibuni. Wakafukua vya watu wengi kwa namna hiyo.

Mama yangu alikuwa ametia mtama kwenye mtungi, akauziba, akaufukia chini ya mafiga jikoni, halafu akakoka moto juu yake, na ule moto hakuuacha uzimike. Askari walifika kwetu wamechoka. Wakamkamata kuku wetu wa mwisho, wakamchinja, wakampika kwenye moto uleule. Wakakaa pale wakala, wakalamba vidole, wakaaga na kuondoka. Mama alikuwa akituhadithia mpaka anashika mbavu kwa kicheko. "Wameukalia!" alikuwa akisema. "Makalio yao yote yalikuwa juu ya mtama wangu!" Mie nimekulia katika kicheko hicho. Niliona duniani hakuna mtu mwenye akili kumshinda mama yangu, na nilitaka kuwa yeye.

Ila hadithi yake ilikuwa na mwisho, na mwisho aliusema upesi, bila kucheka, kwa hiyo sie watoto hatukuupenda. Tuliishi kwa mizizi ya porini. Asubuhi moja mdogo wangu wa mwisho hakutaka kuinuka kwenda kufukuzana na mijusi na wenzake. Alilala tu macho wazi. Mama hakungoja jioni. Alisogeza mafiga jua likiwa limewaka, watu wanapita, akapasua mfuniko kwa mchi, akapika. Majirani wakaja na mikono yao, akawagawia. Mtama uliisha upesi kuliko alivyokusudia. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kwa nini hakuacha angalau mbegu. Alinitazama kama naropoka. "Mbegu nani angezipanda?" akasema. Basi, akaendelea na kazi yake.

Mie nikashika ya mtungi, ya kuziba, ya moto juu. Ile asubuhi ya kufungua nikaiacha ipite.

Ya mdogo wako Damiani unayajua, lakini unayajua kwa macho ya mtoto. Meno yako ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yameng'oka. Ulikuwa mwaka wa nzige, na kazi za mjini nazo zilikuwa zimekwisha. Baba yako, seremala mzuri vile, alikuwa akitoka Buguruni kwa miguu asubuhi na mfuko wake wa randa na patasi, anarudi jioni hata msumari hakupigilia. Tulikula muhogo. Muhogo wa kuchemsha, muhogo wa unga, muhogo na mchicha, muhogo bila mchicha. Na chini ya mafiga ya jiko lile tulilokuwa nalo kabla ya hili, kulikuwa na mtungi wa mchele wa Rufiji, umejaa mpaka shingoni.

Sikuwa nimesahau. Nisikusikie hata siku moja ukinitetea kwamba nilisahau. Kila nilipokaa kupika nilijua uko pale. Nilijiambia: leo upo muhogo, siku muhogo utakapokosekana nitafungua. Na muhogo, mwanangu, haukukosekana hata siku moja! Ulikuwepo mpaka siku ya mwisho. Damiani alivimba miguu, akavimba uso, nywele zikawa nyekundu. Nilimpeleka dispensari, wakaniambia mtoto huyu anataka chakula cha nguvu. Nikasema ndiyo bwana. Nikarudi nyumbani nikachemsha muhogo.

Utaniuliza, mama, ulikuwa na wazimu? Nimejiuliza mie miaka yote hii. Nadhani nilikuwa nikimwogopa askari wa Mdachi, na Mdachi alishaondoka zamani, bendera ya Mwingereza ilikuwa imeshapauka juani kwa kupepea. Niliamini kwamba ubaya wenyewe haujaja bado. Kwamba huu nilio nao ni mdogo, uko mkubwa unakuja nyuma yake, na ukinikuta sina mtungi tutakwisha sote. Mtoto ananivimbia mikononi, nami natazama mbali kutafuta njaa.

Alikufa asubuhi. Nilikuwa natwanga muhogo mkavu, yeye mgongoni. Nilimaliza kutwanga ndipo nilipojua.

Hili linalofuata ndilo sijapata kulitamka kwa mtu. Watu wakaanza kuja msibani. Watu wetu wa kusini waliokuwa Temeke, waliokuwa Mwananyamala, wengine wametoka Pugu kwa miguu. Nao njaa ilikuwa yao pia, na mtu akija kukulilia hawezi kuondoka hajala. Unajua nilifanya nini? Niliinuka, sikuwaza, nikasogeza mafiga nikafukua mtungi. Kwa wageni sikungoja hata saa moja. Mtoto wangu alingoja mpaka roho ikatoka, wageni waliandaliwa kabla jasho la safari halijawakauka, maana niliogopa kusemwa.

Na mchele ulikuwa mzuri. Laiti ningeukuta umeoza! Ulikuwa mweupe, mkavu, hauna fukusi hata mmoja, unanukia kama umevunwa jana. Wanawake waliokuwa wakipika wakasema, "Mama Odilia, mchele kama huu mwaka huu umeupata wapi?" Na mie, Mungu anisamehe, mtoto wangu amelala ndani amefunikwa shuka, kwa pumzi moja nilijisikia fahari.

Ukaja wewe na sahani yako. Ukaniuliza, "Mama, mchele huu tulikuwa nao tangu lini?" Nikakwambia, "Kula, nyamaza." Ukala. Hukuuliza tena, siku ile wala baadaye. Nakujibu leo. Tulikuwa nao tangu Damiani anatambaa.

Nadhani siku ile ulijifunza kitu kutoka kwenye sahani ile. Ulijifunza kwamba mama yako hakosi, kwamba hata nchi nzima ikilala njaa, chini ya jiko la mama kipo. Ukakua nayo hiyo. Nami sikukusahihisha, maana kukusahihisha ni kukuhadithia haya, na haya sikuwa na kinywa cha kuyasema.

Wala usidhani niliacha. Mtu mwenye haya angeacha. Niliendelea kufukia kama kichaa: dagaa wakavu, chumvi, kunde, hata nguo mpya za baba yako alizokusudia kuvaa Krismasi. Baba yako uwanjani mwake mwenyewe alikuwa akitembea kwa kuchagua pa kukanyaga. Unalikumbuka lile debe la unga chini ya mnazi? Maji yaliingia, na nilipolifungua harufu iliwatoa watu nyumba ya tatu. Bi Mwanahawa akatokea ameziba pua kwa kanga, akasema, "Mama Odilia, we! Umemzika nani tena bila kutuita?" Sote tulicheka, na wewe ulicheka. Mie nilipoingia ndani nilikaa kitandani nikalia mpaka jioni, mkadhani nina homa.

Sasa nije kwa baba yako, kwa sababu huyu ndiye aliyenifanya nishike jembe leo.

Kwenye matanga ya Damiani hakula. Walimletea sahani mara mbili, akasema tumbo limejaa. Nilijua ni uongo, na nilijua kwamba ananichukia. Tukaishi hivyo, tunasemezana vizuri, tunacheka, tunakwenda kanisani pamoja, na lile neno limelala katikati yetu. Alipougua kifua, ile wiki ya mwisho, nikaona atakwenda nalo. Nikamuuliza, "Baba Odilia, kwa ajili ya Damiani, ulinichukia sana?"

Akasema, "Mtungi nilijua uko wapi. Nilikuwa naota moto pale kila asubuhi. Unadhani sikujua nimekalia nini?"

Nikamwambia, "Mbona hukunena?"

"Ni chakula cha jikoni," akasema. "Nilisema, mwenye nacho ni mke wangu, yeye ndiye anayeijua siku." Akageukia ukutani, akalia kama mtoto.

Unajua watu wa kwetu walivyo. Mwanamume haingizi mkono kwenye akiba ya jikoni. Akifanya hivyo atachekwa mpaka na watoto, na mkewe atarudi kwao. Baba yako alikuwa mtu wa heshima, akaheshimu. Aliningoja mie, na mie naingoja siku, na mtoto anatungoja sote wawili. Neno moja tu lilitakiwa katika nyumba ile. "Fungua." Hata kwa ugomvi. Hata kwa kofi! Ningempa hata leo shukrani ya kofi hilo.

Juzi uliponigeuzia mgongo ukaenda kisimani, nami nikaanza uleule upole wa baba yako. Nikajisemea: mtoto ni wake, debe ni lake, mchele ameudunduliza mwenyewe kwenye mgawo tangu mumewe Yohana alipochukuliwa vitani, mie ni nani? Yeye ndiye mama yake, anaijua siku. Nilipojisikia nasema hivyo nilishtuka. Ni maneno yaleyale, Odilia. Nilikuwa nayasema kwa sauti ya baba yako.

Basi leo ulipopinda tu kona ya kwa Bi Mwanahawa, nilichukua jembe.

Nimepika wali bokoboko na kunde, nikatia tui zito la nazi aliyonipa Bi Mwanahawa, nikauponda mpaka ukawa laini. Nikamlisha kwa kidole. Mwanzo aliushika mdomoni tu, hakumeza, akanitazama. Nilidhani nimechelewa tena. Nilimwomba Mungu kwa maneno mabaya ambayo padri asingeyapenda. Akameza. Nikampa tena, akameza. Nikampa kidogo na kidogo, maana tumbo lililokaa na njaa hulijazi kwa mara moja, na hilo ukalikumbuke. Nilipoondoa bakuli, akalia.

Alilia, Odilia! Ulikuwa hujamsikia akilia tangu lini? Alilia kwa hasira, amekunja ngumi, ananidai. Nami nikalia naye, tukapiga kelele wawili, mpaka Bi Mwanahawa akaja mbio kichwa wazi akidhani ni msiba. Akatukuta vile, akatazama bakuli, akatazama shimo. Mwanamke yule kila kitu anacho neno lake, leo aligeuka tu. Alikwenda kwake akarudi na vipande viwili vya papa mkavu, akaviweka, akaondoka.

Uliporudi shimo nimeshalifunika kwa makuti, ukamkuta amelala, ukasema, "Leo kalala vizuri."

Najua unachoogopa. Unaogopa kufika kwa wakwe huna kitu, mke wa askari, umetoka mjini, watu wamekaa wanatazama mzigo wako. Mwanangu, mie ndiye niliyemlisha mtoto kwa kuogopa wageni na kumnyima kwa kuogopa... tazama, hata kuandika nimekosea, nilimnyima mtoto, nikawalisha wageni. Unaona haya hayanitoki sawasawa. Nisikie hivi: mama yake Yohana ana mwana vitani, hajui kama atarudi. Atakapokupokea hatatazama kapu. Atamtazama huyu. Ukimfikishia mjukuu anayelia kwa hasira, umemfikishia kila kitu. Ukimfikishia debe la mchele na maiti mgongoni, utasema nini? Nimefika na debe la mchele mbele ya watu, Odilia. Wananisifu bado.

Na wakiuliza, "Mbona huna kitu?" waambie mama yako kakila. Waambie nina mama mlafi, watu wa kusini hawana adabu, mchele wangu kaufukua mchana kweupe kaula. Nitukane vizuri, wacheke. Mie hawanijui, sina la kupoteza Mahenge.

Ningekuja nawe. Nilimwendea karani wa stesheni wiki iliyopita, sikukwambia, nikamwomba, nikampigia magoti mbele ya watu. Akasema hati ya serikali ni ya mke wa askari na mtoto, haina bibi. Ningeweza ningetembea nyuma ya treni. Kwa hiyo kuanzia kesho mkono wangu haufiki tena, na hilo ndilo linalonitia wazimu. Huku Buguruni ulifukia, nikafukua. Ukifukia Mahenge, nani atafukua?

Sikukatazi kuweka akiba. Bila mtungi wa bibi yako mie nisingekuwepo, wala wewe. Ukipata cha kuweka, weka. Ila siku ileile utakayofukia, mwite mama mkwe wako, umwonyeshe mahali, na umwambie kwa kinywa chako: siku ukimwona mtoto hana hali, fungua, usiniulize. Mpe ruhusa hiyo mbele ya mumewe. Akikuona mtu wa ajabu, na akuone. Usiwe peke yako na jambo hili. Mimi na wewe hatufai kuachiwa peke yetu na chakula.

Haya, mchele wako. Umo kwenye kapu la safari, juu kabisa, kwenye kitambaa ambacho sikukifunga fundo. Usiuhamishe chini ya nguo. Kuna kisufuria kando yake, na kunde, na papa wa Bi Mwanahawa. Treni ikifika Morogoro husimama, omba moto kwa wanawake wanaouza chakula, umpikie palepale, watu waone, usijifiche. Uliopungua nimempikia mtoto, mie sikuonja hata punje. Naapa kwa jina la Damiani.

Nta yako usiitafute, nimeitia motoni. Na hilo debe ligeuze, ulitazame kitakoni. Nimelitoboa kwa msumari wa baba yako, matundu mengi, kila mahali. Najua debe siku hizi za vita ni mali, najua umehangaika kulipata. Nimelitoboa makusudi, nikilipiga na kulipiga mpaka mkono ukaniuma, ili lisifae tena kwa kazi ile.

Bi Mwanahawa anakohoa huko nje, nadhani amekuona unakuja barabarani. Nimalize.

Nitaamka kabla yako. Utakapokuwa hapo shimoni, uji utakuwa jikoni kwenye chungu kidogo, una tui na kunde nilizoziponda, nimeufunika na kawa, una joto. Mie nitakuwa nyuma ya mlango, na nitakuwa nakusikia unavyochimba. Inuka sasa. Nawa mikono huo mchanga. Ukitaka kunitukana nitukane, nitapokea yote, na ukitaka kwenda stesheni bila kuniaga, nenda, sitakufuata.

Lakini mlishe kwanza.

Mama yako